Nyumba Mpya Bila Kubomoa Boma: Historia ya Programu-jalizi

(Somo la redio kwa watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, pamoja na maswali ya vikundi.)

Ndugu wasikilizaji wa Terrat, wa Arusha mjini, na ninyi nyote mlioko pande za Mlima Meru, natumaini mmekwisha kukaa, redio iko katikati, na mwandishi wa kikundi ana daftari na kalamu. Somo letu la leo ni la historia, ila hamtasikia habari za wafalme wala za vita. Tutasimulia jinsi watu walivyojifunza kujenga programu za kompyuta ambazo mtu mwingine aweza kuziongezea kitu bila kuharibu kilichokuwapo. Mambo haya yalitendeka huko ng'ambo, na yalitendeka pia karibu nasi, huko Eldoret katika nchi ya Kenya.

Nianze na swali la mama mmoja wa kikundi. Aliuliza: "Pale zahanati kuna vitabu vingi. Kwa nini muuguzi asiandike kila kitu katika kitabu kimoja?" Mama huyu ameuliza swali kubwa kuliko anavyodhani. Vitabu vile ni vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao ulienezwa katika nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 7 ni cha watoto, na namba 12 ni cha mama wanaojifungua. Vyote hufuata kanuni moja: kila mwezi hujumlishwa, na jumla hupelekwa wilayani. Huduma mpya ikianza, kitabu kipya chaweza kuletwa na kile cha wajawazito kisiguswe. Kama yote yangaliandikwa katika kitabu kimoja, kila huduma mpya ingalilazimu kitabu kizima kichorwe upya. Shikeni jambo hilo, maana ndilo somo letu lote.

Boma na lango lake

Ninyi wa Terrat mwajua mfano wa pili kuliko mimi. Boma la Kimaasai huwa na uzio wa miiba, lango, na zizi la ng'ombe katikati. Mke wa kwanza hujenga nyumba yake upande wa kulia wa lango, mke wa pili upande wa kushoto, wa tatu hurudi kulia, na kuendelea hivyo. Mke mpya anapokuja, hapana anayebomoa zizi, wala mke mkubwa haambiwi ahamishe meko yake. Nafasi ya mgeni yajulikana kwa desturi hata kabla yeye hajajulikana. Huja akakusanya fito, akakandika samadi, akajenga kwa mikono yake. Ndani ya nyumba yake hupanga kitanda na meko apendavyo. Lakini lango hawezi kulihamisha, kwa sababu lango ni la wote.

Programu iliyojengwa namna hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kiini, nacho ni kama uzio na zizi: hutunza mambo ambayo kila mtu anayahitaji. Ya pili ni mapatano, yaani kanuni zinazosema nyongeza itaingilia wapi, itauliza nini, na itajibiwa namna gani. Ya tatu ni nyongeza zenyewe. Nyongeza moja huitwa programu-jalizi, au jalizi kwa kifupi, kutokana na neno kujaliza, maana yake kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Sasa mtaniuliza: kompyuta hujuaje kwamba jalizi imekuja? Fikirini mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akifika kwenye jambo fulani husimama akauliza, "Nani ana neno hapa?" Aliyejiandikisha husema neno lake, kisha mkutano huendelea. Asipokuwapo mtu, mkutano huendelea vilevile. Kiini hufanya hivyo. Kinapotayarisha ukurasa wa kuonekana katika kivinjari, kikifika mahali palipopatanwa huita, "Kuna mwenye neno?" Jalizi iliyojiandikisha hujibu: mojawapo itaongeza kitufe, nyingine itaongeza ripoti, ya tatu itakagua kwamba tarehe imeandikwa sawasawa. Mwenyekiti hana haja ya kumjua kila msemaji. Yampasa tu kujua wapi pa kusimama na kuuliza.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1972 mtaalamu aitwaye David Parnas alichapisha makala fupi juu ya namna ya kugawa programu katika vipande. Siku zile wengi waligawa kwa kufuata hatua za kazi: kwanza soma, halafu panga, halafu andika. Parnas alionyesha kasoro ya njia hiyo. Badiliko moja dogo lilipita katika vipande vyote, na kila mmoja alilazimika kuanza upya. Akashauri kwamba kila kipande kifiche ndani yake uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika kesho. Ukibadilika, kipande kimoja tu kitabadilishwa, na majirani hawatasikia hata kishindo.

Ilichukua miaka mingi wazo hilo kufika katika tovuti ambazo watu wa kawaida hutumia. Mwaka 2004 lilionekana wazi mara mbili. Mwezi wa Mei mwaka huo ilitolewa WordPress toleo la 1.2, programu ya kutengenezea tovuti, nayo ilikuwa na mahali pa kupachika jalizi. Mwezi wa Novemba kikatoka kivinjari cha Firefox toleo la 1.0, ambacho mtumiaji aliweza kukiongezea vifaa vilivyotengenezwa na watu wengine. Waliotengeneza viini hivyo walikuwa wachache, na walioongeza jalizi wakawa wengi mno. Mwaka huohuo, mbali sana na wao, jambo la tatu lilianza Eldoret. Na kule shida iliyowasukuma watu ilikuwa ya uhai na mauti.

Mosoriot na Eldoret

Karibu na Eldoret kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mnamo mwaka 2001 kituo hicho kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta mbili zilizounganishwa, zenye akiba ya umeme wa jua kwa siku ambazo umeme ungekatika. Kazi hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watafiti walipima kazi kabla na baada ya kompyuta kuingia, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Safari ya mgonjwa pale kituoni ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Aliyepata kungoja kwenye benchi na mtoto mwenye homa ajua thamani ya tarakimu hizo.

Lakini mfumo ule wa kwanza ulitengenezwa kwa Microsoft Access, programu inayofaa ofisi ndogo. Ulifaa kituo kimoja, na mzigo mkubwa ulikuwa njiani. Mwezi wa Januari 2003 Serikali ya Marekani ilitangaza mpango wake wa fedha za kupambana na Ukimwi, unaoitwa PEPFAR. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza shabaha ya kuwafikishia dawa watu milioni 3 ifikapo mwisho wa 2005. Huko Eldoret, shirika la AMPATH, lililoanza 2001, likaona wagonjwa wakiongezeka kwa maelfu. Na dawa hizo haziwi za wiki moja. Mtu huzinywa maisha yake yote, kwa hiyo tabibu lazima ajue alipewa nini mwezi uliopita, mwaka uliopita, na mwaka wa kabla yake. Karatasi ikipotea, matibabu hupotea nayo njia.

Mwaka 2004 waganga wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikwenda Eldoret kutazama mfumo ule. Baba yake Burke, Daktari Joe Mamlin, alikuwa mmoja wa viongozi wa AMPATH. Waliona upesi kwamba kuupiga viraka mfumo wa zamani hakutafaa. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wataalamu huko San Francisco, walikutana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, ambaye alikuwa amejenga mifumo ya wagonjwa huko Peru na Haiti. Pande zote mbili zilikuwa karibu kujenga kitu kilekile mara mbili. Zikapatana kujenga kimoja, nacho kikaitwa OpenMRS. Ni programu huria: yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kulipa.

Shida yao ya kwanza: kila mahali pana maswali yake

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kama mngalijenga ninyi, mngalianzaje? Wengi wetu tungalichora jedwali kubwa: jina, umri, uzito, dawa. Lakini Eldoret wana maswali yao, Rwanda wana yao, Afrika Kusini wana yao. Na mwakani Wizara yaweza kuongeza swali jipya. Kila swali jipya lingalidai jedwali lichorwe upya, na kila nchi ingaliishia kuwa na programu yake isiyoelewana na za wenzake.

Wajenzi wa OpenMRS walichukua hekima ya zamani. Taasisi ya Regenstrief ilikuwa na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa tangu 1972, ulioanzishwa na Daktari Clement McDonald, nao ulitumia kamusi ya istilahi za tiba. Katika OpenMRS vilevile, kiini hakijui lolote juu ya uzito wala malaria. Kinajua tu kwamba mgonjwa fulani, siku fulani, mahali fulani, aliulizwa jambo lililomo katika kamusi, na jibu lilikuwa hili. Ukitaka swali jipya, unaongeza neno katika kamusi, na zizi halibomolewi.

Juu ya msingi huo wakaweka mahali pa kupachika jalizi, ambazo wao huziita moduli. Moduli ni faili moja. Msimamizi wa mfumo huifungua kwa kivinjari katika ukurasa maalumu, huibandika, na kiini huiwasha. Moduli yaweza kuja na kurasa zake, majedwali yake na ripoti zake, ikaongeza kitufe chake katika orodha ya mbele. Ikiwa haifai, huzimwa, na kazi nyingine huendelea.

Mfumo ulianza kutumika Eldoret mwezi wa Februari 2006. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo ukaanza Rwinkwavu, kijijini katika Rwanda, na baadaye Afrika Kusini. Hapo faida ya moduli ikaonekana kwa macho. Eldoret walijaza fomu kwa moduli iliyotegemea programu ya kulipiwa ya kampuni ya Microsoft. Wengine hawakuitaka, au hawakuwa na fedha. Basi wakapachika moduli nyingine za fomu mahali palepale. Mojawapo ilitengenezwa na Mganda, Daniel Kayiwa. Huko Rwanda vituo vya vijijini vilikuwa na intaneti inayokatika mara kwa mara. Ikatengenezwa moduli ya kulinganisha kumbukumbu, ili kila kituo kifanye kazi peke yake, kisha vipashane habari mtandao unaporudi. Hapana aliyelazimika kuomba ruhusa Indianapolis. Baadaye Kenya na Uganda zikaunda mifumo yao ya taifa, KenyaEMR na UgandaEMR, juu ya kiini kilekile.

Na hapa kwetu

Hapa Tanzania tunao mfano wa jamaa yake. Jumla za vitabu vya MTUHA, ambazo zamani zilisafiri kwa karatasi, ziliingizwa katika mfumo wa tovuti uitwao DHIS2, uliofika mikoa yote mwaka 2013. Kiini cha DHIS2 hutunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Lakini mfumo huo nao una nafasi za kupachika nyongeza, na wataalamu wa Kitanzania wa HISP Tanzania walitengeneza nyongeza ya kadi ya alama, ambayo huonyesha kwa rangi wilaya ipi imefikia shabaha na ipi iko nyuma. Nyongeza hiyo iliwekwa hadharani ili nchi nyingine ziichukue. Tazameni njia iliyopita: kiini kimetoka Oslo kuja kwetu, na nyongeza imetoka kwetu kwenda kwa wengine. Njia ya namna hiyo hupatikana pale tu mjenzi wa kwanza alipoacha nafasi wazi.

Hatari zake

Nisingekuwa mwalimu mwema kama ningesifu tu. Programu ya jalizi ina hatari zake, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni kuhama kwa lango. Mwenye boma akihamisha lango usiku, kulia kwa jana huwa kushoto kwa leo, na nyumba zote huonekana zimekosea. Kiini kinapobadilisha mapatano, jalizi zilizoandikwa kwa mapatano ya zamani huvunjika hata kama mabadiliko yenyewe ni mazuri. Ndiyo sababu wajenzi wenye busara hutoa taarifa mapema, huacha njia ya zamani ifanye kazi kwa muda, na huandika juu ya kila jalizi kwamba inafaa toleo gani. OpenMRS walipofika kiini cha toleo la 2.0, waliziondoa kurasa za zamani katika kiini, lakini hawakuzitupa. Walizifanya moduli, ili aliyezizoea azipachike. Katika toleo la 3 wakaendelea mbele: ukurasa wenyewe umegawanywa katika nafasi, na kila kipande kinachoonekana huingia katika nafasi yake.

Ya pili ni mgeni mbaya. Jalizi huingia ndani ya uzio, karibu na ng'ombe. Ikiwa imeandikwa ovyo au kwa hila, yaweza kufungua siri za wagonjwa. Kivinjari kilipata fundisho hili kwa Flash Player, jalizi iliyotumika miaka mingi kuonyesha michezo na filamu. Matundu ya usalama yalizidi kuonekana, mpaka kampuni ya Adobe ikaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Masomo na michezo mingi iliyoitegemea ikafungwa pamoja nayo. Basi kabla ya kupachika, yatupasa kuuliza: nani ameitengeneza, nani ameikagua, na inaomba kuona nini?

Ya tatu ni yatima. Kijana hodari hutengeneza jalizi nzuri, kisha hupata kazi mahali pengine. Jalizi hubaki, hospitali huitegemea, na hapana anayeijua. Dawa yake si ya kompyuta. Ni kuandika maelezo, kufundisha wa pili na wa tatu, na kutenga fedha za matengenezo kama tunavyotenga za kukarabati paa la shule.

Mwisho

Ndugu wasikilizaji, tumetoka katika vitabu vya zahanati, tukapita katika boma, tukafika Eldoret na kurudi. Neno moja nawaombeni mlichukue. Mjenzi wa kwanza hawezi kujua mahitaji yote ya watakaokuja baada yake. Waliojenga mwaka 2004 hawakujua muuguzi wa Rwinkwavu atahitaji nini. Walichoweza ni kuacha nafasi, kutangaza kanuni, na kisha kuzitunza kanuni hizo hata zilipowachosha. Kwa hiyo siku mtakapoketi katika kamati ya shule, ya zahanati au ya ushirika, na mfanyabiashara akawaletea programu nzuri yenye rangi nyingi, msiulize bei tu. Mwulizeni: "Mwakani tukihitaji jambo jipya, nani ataweza kuliongeza? Ni wewe peke yako, au hata kijana wetu aliyesoma?" Jibu lake litawaambia kama mnanunua boma au mnapangishwa chumba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja sehemu tatu za programu inayokubali nyongeza. Katika boma, kila moja ni kitu gani?

2. Kwa nini mfumo wa kwanza wa Mosoriot haukutosha wagonjwa walipoongezeka?

3. Kamusi ya OpenMRS iliondoa shida gani? Toa mfano wa swali jipya ambalo zahanati yaweza kuhitaji kuuliza mwaka ujao.

4. Kati ya hatari tatu zilizotajwa, ipi ingeweza kuwapata ninyi upesi zaidi, na mngeizuiaje?

5. Fikirini kanuni za chama au kikundi chenu wenyewe. Je, zinaacha nafasi kwa mwanachama mpya kuleta kazi mpya, au ni lazima kwanza kanuni zote zivunjwe?

Mwandishi wa kikundi na aandike majibu katika daftari, na wale wasiojua kusoma wasomewe maswali kwa sauti kabla ya kuanza. Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini, na Mungu akipenda tutasikilizana tena katika somo lijalo.